Nililipia siku mbili, nikatolewa nje saa nne asubuhi: hoteli ya kapsuli niliyolala Tokyo

Naandika haya hasira zikiwa bado hazijapoa, maana zikipoa najua nitaanza kuwatetea.

Ilikuwa majira ya baridi yaliyopita. Nilitoka Hiroshima kwa basi la usiku kwenda Tokyo, kwa shughuli ya pasipoti ubalozini kwetu kule Setagaya. Basi lile unakaa kitako usiku kucha, ukishuka mgongo si wako. Nikapanga mambo yangu vizuri: siku ya kwanza nifike nilale, siku ya pili nipumzike kutwa nzima, ya tatu asubuhi niende ubalozini nikiwa mtu. Mfuko wa mwanafunzi haufiki hoteli ya chumba, kwa hiyo nikachukua hoteli ya kapsuli (hulali chumbani, unalala ndani ya tundu la mtu mmoja lenye pazia) karibu na stesheni ya Ueno, chini ya yeni 5,000 kwa usiku, nikalipia siku mbili papo hapo. Jina lake silitaji.

Usiku wa kwanza sina neno, na haki yao niwape. Viatu unaacha mlangoni kwenye kijisanduku chenye ufunguo, unapewa nguo za kulalia, taulo na mswaki, na ghorofa ya wanawake lifti haisimami bila kadi. Nililala tundu la juu, unapanda kwa ngazi mbili tatu. Nikampigia picha mama nikamtumia. Akanirudishia sauti, nikaisikiliza kwa spika za masikioni kwa sababu kule ndani kuongea ni marufuku: "Mwanangu, mbona kama mwanandani?" Nikamwandikia asiwe na wasiwasi, kuna taa, kuna soketi, na pazia nalifungua mwenyewe. Wanawake wengi tumelala safu juu ya safu na husikii hata mtu kujigeuza. Nililala fofofo.

Alfajiri siku zangu zikaingia. Wanaonijua wanajua tumbo langu si la mchezo. Linakata mpaka jasho la baridi linanitoka, miguu inakufa ganzi, na dawa yake ni kujikunja ubavu mmoja na kutulia mpaka mchana. Nikameza vidonge viwili, nikajifunga kanga kiunoni, nikashukuru kwamba nililipia siku mbili na hakuna wa kuniamsha.

Saa nne na dakika chache nikasikia kidole kinagonga fremu. Nikasogeza pazia. Mama mmoja wa makamo, aproni ya bluu, mashine ya kufyonza vumbi mkononi, ananionyesha saa yake. Hoteli hii, hata ukilipia wiki nzima, kila siku wageni wote mnatoka saa nne, mnarudi saa tisa alasiri. Wataniambia imeandikwa. Ndiyo, imeandikwa, nimeiona baadaye, chini kabisa ya ukurasa wa kulipia.

Nikateremka mapokezi nimeshika ukuta. Kijana wa pale akanisogezea kishikwambi cha kutafsiria. Nikaandika: naumwa tumbo la hedhi, naomba nilale mpaka saa nane, kapsuli yangu msiisafishe, sihitaji. Nilidhani atasoma. Kishikwambi kikasoma chenyewe, kwa sauti, kwa Kijapani, neno kwa neno. Nyuma yangu wamepanga foleni wanaume watatu na mikoba yao ya kazini. Wote wakaangalia chini kwa pamoja. Na yule kijana, badala ya kuona aibu pamoja nami, akanyanyua mikono akaikutanisha kifuani kama mkasi. Wajapani ndivyo wanavyosema haiwezekani. Nikaomba basi nikae kwenye viti vya ukumbini. Mkasi. Nikaomba nilipe zaidi. Mara hii hakungoja mashine imalize, mikono ilikuwa juu tayari.

Hiyo mikono ndiyo sijaisahau. Kukataliwa nimezoea, nimeishi ugenini. Lakini mtu anayeumwa mbele yako unamjibu kwa ishara ya polisi wa barabarani?

Nilikuja kutafakari kwa nini iko hivyo. Hoteli ya kwanza ya namna hii ilifunguliwa Osaka mwaka 1979, kwa ramani ya msanifu majengo Kisho Kurokawa, na mteja wao mkubwa tangu zamani alikuwa mwanaume wa ofisini aliyekosa treni ya mwisho. Anaingia usiku wa manane, anaoga, anajinyoosha, asubuhi anakwenda kazini. Mtu wa hivyo saa nne hayupo, kwa hiyo kanuni haimgusi. Sasa wameongeza ghorofa za wanawake, wameweka vipodozi na vikaushia nywele, lakini saa ni ileile ya yule mwanaume. Mwanamke anayeumwa katikati ya siku mbili alizolipia hakuna aliyemfikiria.

Na hii ni nchi ambayo sheria yake ya kazi, tangu mwaka 1947, inasema mwanamke ambaye hedhi inamzidi akiomba ruhusa asifanyishwe kazi. Kazini naruhusiwa kutokwenda nikalala. Kitandani nilikolipia siruhusiwi! Jamani.

Nikaenda kwenye visanduku vya viatu. Nikakaa kwenye kile kingazi, kamba za buti zikanishinda, kila nikiinama tumbo linapiga. Nikasikia magurudumu. Ni yule mama wa aproni, ameshuka na mkokoteni wa mashuka machafu. Akanitazama mkono ulipo. Hakusema kitu. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kipakiti cha joto, kile cha unga wa chuma wanachobandika ndani ya nguo wakati wa baridi, akakichana mfuko wake kwa meno, akaning'olea ile karatasi ya gundi, akanionyesha kwa kidole: juu ya fulana, si kwenye ngozi. Halafu akapiga goti moja akanifunga kamba za buti. Mafundo mawili mawili. Mimi nilikuwa nalia, sijui hata kama ni maumivu.

Masaa yale matano niliyamalizia kwenye benchi ndani ya stesheni, nimeinamia kile kipakiti. Saa tisa kamili nikawa wa kwanza mlangoni. Mkasi hakuwepo, zamu yake ilikuwa imekwisha. Dada aliyempokea akanipa mfuko wa plastiki wenye namba ya kapsuli yangu: kanga yangu niliyoisahau, imekunjwa pembe kwa pembe, na kibanio cha nywele kwenye kijifuko chake. Juu, shuka jipya linanukia sabuni.

Ndipo nikaanza kulegea. Nikajiambia, usafi huu hauji wenyewe. Kisheria haya si vyumba, ndiyo maana pazia halina kufuli, na ghorofa nzima yasafishwa kwa mkupuo mmoja. Wakimwachia mmoja, kesho watakuwa kumi. Kwa usiku mmoja tu, ukiwa mzima wa afya, hoteli hii nzuri, dada zangu, nendeni, mtalala salama kuliko gesti nyingi nilizolala. Nikawapa nyota nne.

Asubuhi ya kuondoka nikamtafuta yule mama nimwachie pakiti ya korosho niliyokuwa nayo. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mapokezi wakasema hawaruhusiwi kumpokelea. Nikapunguza moja.

Nikawaandikia barua pepe. Sikudai hela. Niliuliza jambo moja: mgeni aliyelipia siku mbili akiugua, alale wapi kati ya saa nne na saa tisa? Wamejibu kwa heshima nyingi sana, wameomba radhi mara tatu kwa usumbufu, wamenitakia afya njema na kunikaribisha tena. Swali langu hawajaligusa.

Nikapunguza nyingine. Zimebaki nyota mbili. Moja ni ya mashuka. Nyingine ni ya yule mama wa aproni, hoteli isiihesabu kuwa yake.