TAHADHARI: Pedi bandia za breki ndani ya boksi lenye sura ya orijino

Natoa tahadhari hii kwa yeyote anayejiandaa kubadilisha pedi za breki za diski za gari la familia na anayefikiria kuagiza spea hizo mtandaoni kabla ya kwenda kwa fundi. Yupo muuzaji anayetangaza pedi "orijino" za magurudumu ya mbele kwa bei iliyo chini kidogo tu ya ile ya kawaida, wala si chini kiasi cha kumshtua mnunuzi. Sharti lake kubwa ni kwamba boksi likishafunguliwa mali hairudishwi. Hapo ndipo ulipo mtego wenyewe, kwa sababu ubandia wa pedi hauonekani mpaka boksi lifunguliwe.

Boksi nililopokea halikuwa na kasoro: namba ya spea ilikuwa sahihi na lebo ilikuwa na stika inayometameta. Ndani yake mambo yalikuwa mengine. Rangi nyeusi ya bamba la chuma ilikuwa imepakwa juu ya kutu, na fundi alipopitisha ukucha ilibanduka vipande vipande. Kwenye pedi mojawapo, kati ya bamba na sehemu ya msuguano, palikuwa na ufa uliopitisha ncha ya karatasi. Hapakuwa na namba ya toleo wala alama yoyote ya kiwanda, si mgongoni wala ubavuni. Fundi alikataa kuzifunga, na namshukuru kwa hilo.

Muuzaji hutetea bidhaa yake kwa kusema "zijaribu kwanza, utaona zinashika". Jaribio hilo halithibitishi chochote. Kwa mwendo mdogo, breki zikiwa baridi, hata pedi duni hushika. Ubovu hujitokeza gari likiwa limebeba familia na mizigo likishuka mteremko mrefu, pale joto kwenye uso wa pedi linapofikia mamia ya nyuzi. Gundi iliyoshikanisha mchanganyiko wa pedi huanza kuungua na kutoa gesi, msuguano hupungua, na dereva hukanyaga pedali iliyo ngumu kabisa huku gari likiendelea kwenda. Pakiwa na ufa kama ule niliouona, sehemu ya msuguano inaweza kung'oka yote, chuma kikabaki kikisaga diski.

Kabla ya kulipa, dai picha ya ubavu na mgongo wa pedi zenyewe, si ya boksi. Pedi zilizoidhinishwa chini ya Kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara, ikifuatiwa na namba ya nchi iliyotoa idhini (1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza), kisha maandishi 90R. Pedi halisi za masoko mengine huenda zisiwe na alama hiyo, na mghushi naye anaweza kuichapa, kwa hiyo ichukuliwe kuwa ushahidi mmoja miongoni mwa kadhaa. Muuzaji huyu hupenda pia kutaja herufi kama FF akidai kwamba ni daraja la ubora. Si kweli: herufi hizo huonyesha kiwango cha msuguano tu, ya kwanza katika joto la kawaida na ya pili katika joto kali.

Nilipomtumia picha alijibu kwamba rangi hiyo ni ya kiwandani, baadaye akadai kuwa fundi wangu ana duka lake anakotaka ninunue, kisha akanyamaza. Tangazo limerudi kwa jina jingine likiwa na picha zilezile, hata kona ya meza iliyomeguka inaonekana.

Ambaye tayari amefungiwa pedi zenye dalili nilizoeleza asiendelee kuliendesha gari. Aite fundi afungue magurudumu, akague diski, na abadilishe pedi za pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, hata kama upande mmoja unaonekana mzima. Vumbi lililomo lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa baadhi ya pedi za namna hii hutengenezwa kwa asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.