Chemba ya Haas kwa kupima LTP: nzuri sana, ila usiache kuangalia maji

Kwa maabara inayopima LTP, yaani jinsi sinapsi (viungo vya mawasiliano kati ya seli za neva) zinavyoimarika kwa muda mrefu, chemba ya muundo wa Haas, uliochapishwa 1979, bado tunaipendekeza. Kipande cha hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya panya, unene wa mikroni 400, hakizamishwi. Kinalala juu ya wavu: chini kinapata maji ya chumvi na glukosi, juu gesi yenye unyevu, oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi 5. Kwa kuwa maji yanayokizunguka ni machache, umeme wa seli hauvuji ovyo, na wimbi la umeme linalorekodiwa, yaani jibu la seli, linatoka kubwa kuliko kwenye chemba za kuzamisha.

Vipande vipumzike saa moja au zaidi, kwenye nyuzijoto 30 hadi 32. Elektrodi ya kuchochea iguse nyuzi za Schaffer, zinazopeleka ishara kwenye eneo la hipokampasi liitwalo CA1; ya kurekodi ikae kwenye matawi ya seli za CA1. Piga pigo moja kila sekunde 30, ukirekebisha nguvu hadi jibu liwe kama asilimia 40 ya kilele. Mstari wa majibu ukitulia kwa dakika 20, piga mapigo 100 ndani ya sekunde moja. Pima mteremko wa mwanzo wa wimbi, usipime kimo: kimo huharibiwa na seli zinazofyatua kwa pamoja. Mteremko ukibaki juu saa nzima baadaye, hapo una LTP. Lakini tazama kile kiwimbi kidogo kinachotangulia, cha nyuzi zenyewe. Nacho kikikua, huenda umeamsha nyuzi nyingi zaidi tu.

Kasoro kubwa ni kina cha maji. Chini ya hadubini, uso wa kipande sharti ung'ae na ukingo wake uonekane; ukingo ukipotea, kimezama na wimbi litashuka. Maji yakipungua, kinakauka na kufa. Povu likiingia kwenye mpira wa kuleta maji, kina kinayumba, kwa hiyo toa mapovu kabla ya kuanza na usibadilishe kasi (mililita 1 hadi 2 kwa dakika) katikati ya kipimo. Matone ya mvuke kwenye kifuniko nayo huangukia kipande. Yafute kwa karatasi ya chujio mapema.

Dawa huingia polepole. D-AP5, mikromola 50, ya kuziba vipokezi vya NMDA (vinavyohitajika ili LTP hii ianze), ipe nusu saa.

Anayetaka kurekodi seli mojamoja kwa kuiona atafute chemba ya kuzamisha, maana lenzi ya majini haifanyi kazi hapa.