Uzoefu wangu na albamu ya "Africa" ya Amanaz: roki isiyo na haraka

Nimenunua albamu ya "Africa" ya bendi ya Amanaz kutoka Zambia, toleo lililorudishwa sokoni na Now-Again Records ya Los Angeles, na nimekaa nayo muda wa kutosha kuizungumzia bila papara. Hapa Mwanza sijaona duka linalouza santuri za aina hii, na gharama ya kuiagiza santuri kutoka Marekani siwezi kumshauri mtu aibebe. Kwa hiyo nilichukua mafaili: nililipa mtandaoni, nikapakua, nikahamishia kwenye flashi. Hakuna usumbufu wowote. Ila chagua MP3 kama utasikilizia redio ya gari au sabufa ya kawaida, maana vifaa vyetu vingi havisomi yale mafaili makubwa ya ubora wa juu.

Kwa asiyewajua, Amanaz walikuwa vijana watano wa Kitwe, kwenye ukanda wa migodi ya shaba. Albamu hii waliitoa mwaka 1975, enzi ambayo Rais Kenneth Kaunda alitaka asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia wenyewe, na vijana wa migodini wakachukua magitaa ya umeme wakaunda roki yao, inayoitwa Zamrock. Bei ya shaba ikaporomoka, uchumi ukayumba, bendi zikapungua moja moja, na baadaye UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Hata leo, anayeifahamu Zamrock kidogo atakutajia bendi ya WITCH kwanza. Amanaz wanabaki nyuma, na mimi naona wanastahili kusikilizwa zaidi.

Wimbo ulionifanya niandike unaitwa "Khala My Friend". Ni wa polepole, wa huzuni, na ukiuchambua kwa sikio la mpiga gitaa hauna siri: kodi (chords) chache zinazunguka, ngoma zinatembea tu, besi inakanyaga pale inapotakiwa, na mwimbaji anaimba kama mtu anayezungumza na rafiki aliyekaa mbele yake. Hakuna anayejionyesha. Ukiusikia mara ya kwanza unaweza kudhani hakuna kilichotokea. Ukiurudia, unajikuta unaingoja kila noti, kwa sababu ni chache na kila moja imeachiwa nafasi ya kulia mpaka iishe.

Wapo wanaosema nyimbo kama hizi ni nyepesi kwa vile wapigaji walikosa vifaa, au walikuwa bado wanajifunza. Nawaomba wasikilize "History of Man" ndani ya albamu hiyohiyo. Hapo gitaa limepitishwa kwenye pedali ya fazi (fuzz), inayoikwaruza sauti, linakoroma, ni roki nzito ya kutikisa dirisha. Wapigaji ni walewale. Walikuwa na nguvu hiyo mikononi, na walipofika kwenye wimbo wa rafiki wakaiweka chini kwa hiari yao. Mimi hapo ndipo ninapowaheshimu. Kupunguza kunataka ujasiri, kwa sababu ukipunguza, kosa lolote litasikika na hakuna kelele ya kulifunika.

Hili nililielewa vizuri zaidi nilipowapa wimbo huo vijana ninaowafundisha gitaa kanisani, huku Igoma. Kodi walizishika jioni ileile. Kilichowashinda ni kunyamaza. Kwetu mpiga solo akiona nafasi anaijaza. Tumekulia kwenye dansi na kwaya ambazo wimbo ukifika nusu lazima sebene lifunguke, kinanda kijibu na watu wainuke vitini. Nalipenda sebene, na kwaya za Mwanza ndizo zilizonilea, mimi mpiga rizimu wa siku nyingi. Lakini "Khala My Friend" haulitaki. Kijana wa solo akawa anatia vipambo kila pengo, na wimbo ukafa tukiusikia sote.

Nikamwambia, "Mwanangu, piga noti yako moja, halafu iache."

Akaniuliza, "Mwalimu, sasa watu watajuaje kama nimepiga?"

Swali zuri sana, na kwa maneno nisingeweza kumjibu. Tukaurekodi kwa simu, kwanza na vipambo vyake, kisha bila hata kimoja, tukasikiliza tukiwa tumekaa kwenye mabenchi. Kwenye rekodi ya kwanza lilisikika gitaa lake. Kwenye ya pili ulisikika wimbo. Aliomba turudie tena ile ya pili, na tangu siku hiyo hata kwenye pambio zetu ametulia, anamwachia mwimbaji nafasi ya kupumua. Kwa hilo peke yake pesa yangu imerudi.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba toleo hili lina albamu nzima mara mbili: miksi kavu na miksi yenye mwangwi. Nyimbo ni zilezile, ladha ni tofauti kabisa. Kwenye mwangwi bendi inakuwa mbali, sauti zinaelea, na wengine watapenda ile hali ya ndoto. Mimi nachagua kavu. Unasikia kidole kikiteleza kwenye uzi, unasikia mwimbaji akivuta pumzi, na hakuna ala inayoikanyaga nyingine. Niliisikiliza kwa hedifoni za bei ndogo nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga, injini inanguruma, watu wanapiga soga, kuku wanalalamika kwenye tenga, na bado nilikuwa naitenganisha besi na ngoma bila kukaza sikio. Jaribu hivyo na wimbo wenye tabaka ishirini za sauti uone utabakiwa na nini.

Kasoro zipo. Mwimbaji mara nyingine anateleza nje ya noti, na mwenye sikio la solfa atakunja uso. Rekodi yenyewe ni ya kizamani, usitegemee usafi wa studio za leo. Nyimbo za kasi hazijanikaa zote. Mbili tatu naziruka. Na kwenye sabufa, tafadhali punguza besi mpaka karibu na mwisho. Sabufa nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya muziki wa mtaani wenye mdundo mzito, kwa hiyo zinaivimbisha besi ya Amanaz hadi inawameza waimbaji. Jirani yangu aliisikia kwangu kabla sijairekebisha akasema ni kelele. Nilipoirekebisha akauliza bendi ya wapi.

Nyimbo chache zimeimbwa kwa lugha za Zambia, nyingine nyingi kwa Kiingereza chepesi. Usiogope lugha. Maneno si mengi, na mahali usipoyaelewa sauti inakufikisha.

Nani asinunue? Anayetaka gitaa la kukimbizana, au muziki wa kuchangamsha sherehe. Hii haitamfaa, na atasema amepoteza pesa. Lakini kama unajifunza gitaa, au unafundisha wengine, au umechoka na nyimbo zinazokupigia kelele kutoka sekunde ya kwanza, ichukue. Anza na "Khala My Friend" ya miksi kavu, kisha "History of Man", ndipo uisikilize albamu yote kwa mpangilio wake. Mimi naipa nyota 4 kati ya 5; ile moja imekwenda na zile nyimbo ninazoziruka.

Sasa naitafuta "Ave Africa" ya Sunburst, bendi iliyoanzia Dar es Salaam ikarekodi albamu hiyo Lusaka mwaka 1976. Lebo ya Strut waliitoa upya mwaka 2016 pamoja na rekodi zao nyingine. Nataka kusikia kama Watanzania nao, walipokaa jirani na Zamrock, walijua kuiacha noti ilie yenyewe. Aliyeisikia aniambie kabla sijalipa.