Warcraft ya 2016: itazame kwa ajili ya maorki

Naanza na hukumu yangu ili asiye na muda aipate mapema: Warcraft, filamu ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Duncan Jones, inafaa kutazamwa, na sababu yake kubwa ni maorki, majitu ya kubuniwa yanayopigana na binadamu. Binadamu wamo, wafalme wamo, waganga wa mnarani wamo, mapanga yanalia mwanzo hadi mwisho. Lakini aliyenishika moyo ni Durotan, chifu wa ukoo wa Frostwolf, jitu lenye pembe za meno zinazochomoza nje ya midomo na mikono minene kama magogo. Nimeitazama peke yangu, nimeitazama na watu wanaoijua gemu yake, nimeitazama na wasiojua lolote, na kila mara chumba kinatulia pale Durotan anapotokea. (Nitaeleza yanayotokea hadi mwishoni. Anayetaka kuingia bila kujua lolote aishie hapa, arudi akishaitazama.)

Kwanza, ilikotoka. Warcraft ni gemu za kompyuta za kampuni ya Blizzard. Ya kwanza ilitoka mwaka 1994, na kisa chake ndicho kilichochukuliwa hapa: vita vya kwanza kati ya binadamu wa dunia ya Azeroth na maorki waliotoka dunia yao ya Draenor. Wengi zaidi wanaifahamu World of Warcraft ya mwaka 2004, ile inayowakutanisha wachezaji wengi mno kwa pamoja kupitia intaneti. Jones alikuwa mchezaji wa hiyo gemu kabla hajaiongoza filamu, na mapenzi yake kwayo yanaonekana wazi. Kuna askari anageuzwa kondoo kwa uganga, jambo ambalo kila mchezaji amewahi kulifanya au kufanyiwa. Kuna kiumbe mdogo wa majini anayeonekana chini ya daraja kwa sekunde chache tu, na waliokaa karibu yangu wenye kuijua gemu walipiga kelele za furaha. Asiyemjua hakosi kitu; hadithi inaendelea.

Sasa turudi kwa Durotan. Mapema kabisa kamera inausogelea uso wake akiwa hemani usiku, macho wazi, mkewe Draka amelala pembeni akiwa mjamzito. Kamera inabaki hapo. Unaona ngozi yenye mikunjo, nywele zilizosukwa, macho yanayowaza. Halafu Draka anaamka na wawili hao wanaanza kutaniana, huyu akisema kuhusu tumbo la yule na yule akijibu kuhusu ukubwa wa kichwa cha huyu. Ni mazungumzo ya mke na mume wanaopendana, basi. Kwa dakika hizo chache nilisahau kabisa kwamba ninachokitazama kimechorwa na kompyuta.

Nyuma ya uso ule kuna mwigizaji wa kweli, Toby Kebbell. Waigizaji wa maorki walivaa suti zenye alama za kunasa mwendo wa mwili, na mbele ya nyuso zao kulikuwa na kamera ndogo zilizonasa kila msogeo wa shavu na kope. Kisha mafundi wa Industrial Light & Magic, kampuni ya picha za kompyuta, wakaijenga miili ya maorki juu ya uigizaji huo. Ndiyo maana Durotan akisita, unaona anasita. Akisema uongo, unaona kwamba uongo wenyewe unamuuma. Nimeona filamu nyingi zenye viumbe wakubwa wa kompyuta wanaonguruma tu. Hapa wanafikiri, na fikra hizo zinasomeka usoni. Daniel Wu naye, anayemwigiza mchawi Gul'dan, amempa mwili uliopinda na mwendo wa polepole ambao ukiuona tu unajua huyu si wa kuaminiwa, ingawa hajafungua mdomo.

Na Gul'dan ndiye kiini cha mambo yote. Draenor inakufa, haina tena cha kuwalisha watu wake, na yeye anawaahidi nchi mpya. Mlango mkubwa wa kuvukia Azeroth unafunguliwa kwa uchawi wa kijani uitwao fel, na kuni za uchawi huo ni uhai wa viumbe. Mateka wamefungiwa vizimbani. Uhai wao unanyonywa, mlango unafunguka, jeshi linavuka. Draka anavuka kwa siri na tumbo lake, uchungu unamshika njiani, na mtoto anazaliwa hapumui. Gul'dan anamchukua, ananyonya uhai wa paa aliyekuwa karibu na kumpulizia mtoto. Mtoto analia, jeshi linashangilia, na ngozi yake inabadilika kuwa kijani.

Hapo ndipo filamu iliponipata. Durotan anafurahi kama baba yeyote, na wakati huohuo anajua deni limeshaandikwa jina la mwanawe. Kuanzia hapo kila anachokifanya kinatokana na wakati ule. Anaanza kuona kwamba kila anakopita Gul'dan ardhi inakauka, kwamba Draenor haikujifia yenyewe, kwamba hata hii nchi mpya itakuwa jangwa kama hatasimamishwa. Kwa hiyo anaamua kuwafuata binadamu, maadui zake, ili washirikiane kumwondoa.

Upande wa binadamu ndiko filamu inakochechemea, na lazima niseme wazi kwa sababu ndicho kinachowakwaza wageni. Ina dakika 123, lakini ndani yake kuna maeneo na majina ya kujaza filamu mbili. Tunaanza kwa vibeti kule Ironforge, tunaruka hadi Stormwind kwa mfalme Llane, tunaruka hadi Karazhan kwa Medivh, mlinzi wa uganga wa dunia nzima, tunaruka hadi Dalaran, mji unaoelea angani, tunarudi. Hatukai popote vya kutosha. Rafiki niliyeitazama naye alikuwa akiniuliza kila baada ya muda, "Huyu ni nani tena?" na swali lake lilikuwa la haki. Siri ya Medivh, ambayo ilipaswa kutusumbua kwa muda mrefu, inafichuliwa kabla hatujamzoea. Ben Foster, anayemwigiza, anajitahidi, ila amepewa sehemu ambayo haijaandikwa ikakamilika.

Anduin Lothar, kamanda wa majeshi ya binadamu anayeigizwa na Travis Fimmel, ana msiba unaopaswa kutuvunja moyo. Mwanawe Callan anauawa na Blackhand, kamanda wa jeshi la maorki, upande wa pili wa ukuta wa radi ulioinuliwa na Medivh, na baba anaona kwa macho yake bila kuweza kupita. Tukio lenyewe limepigwa picha vizuri sana. Tatizo ni kwamba Callan tumemwona mara chache mno kabla ya hapo. Nilimhurumia Lothar, lakini kifo cha yule kijana hakikuniuma kama kilivyostahili kuniuma.

Kwenye maorki hakuna kasoro hiyo. Durotan anamwita Gul'dan kwenye mak'gora, pambano la wawili la kimila ambalo hata mkuu hawezi kulikataa bila kupoteza heshima. Maorki wamezunguka. Wanapigana kwa mikono, na Durotan anaonyesha kwamba mchawi bila uchawi wake ni mzee tu mwenye nguvu. Ndipo Gul'dan anavunja mila: anaanza kumnyonya uhai mbele ya watu wote. Durotan anazidi kukonda na kunyauka, na bado anajikokota kwenda mbele. Kilichonigusa hapo ni nyuso za waliosimama pembeni. Wanajua kilichotendeka, na kila mmoja anapima kama atathubutu kusema. Orgrim, rafiki wa Durotan ambaye ndiye aliyevujisha mpango wake, anatazama kosa lake likimmaliza rafiki. Durotan anakufa ameshindwa pambano, lakini utii wa jeshi kwa Gul'dan umeingia ufa.

Ufa huo unatumika vizuri baadaye. Lothar anapokamatwa, naye anaingizwa kwenye mak'gora na Blackhand, anamwangusha kwa haraka ya kushangaza, na Gul'dan anapowaamuru maorki wamuue, wanakataa. Mila imesema aliyeshinda apite, na anapita. Sheria ileile iliyovunjwa kwa Durotan inamlinda adui yao. Hiyo ni hadithi iliyosukwa na watu wanaojua wanachokifanya, na inanisikitisha kwamba waliowahi kuisema vibaya hawaligusii.

Garona naye, nusu orki, anayeigizwa na Paula Patton, ana sehemu moja bora kuliko nyingine zote alizopewa. Mapenzi kati yake na Lothar yamelazimishwa, sikuyaamini. Lakini pale mfalme Llane anapozingirwa na kuona hakuna wa kuja kumwokoa, anamwomba Garona amuue yeye mwenyewe. Akifanya hivyo maorki watampokea kama shujaa, na siku moja kutakuwa na mtu kati yao anayetaka amani. Anamuua kwa kisu kilekile alichopewa na malkia kama ishara ya kuaminiwa. Lothar anakikuta kisu, haelewi, na anaondoka akiamini amesalitiwa. Niliumia, kwa sababu mimi mtazamaji najua na yeye hajui, na filamu haimpi nafasi ya kujua.

Muziki ni wa Ramin Djawadi, na ngoma zake nzito zinahitaji spika nzuri. Ukitazama kwenye simu utapoteza mengi, sauti na picha pia. Maorki hawa wametengenezwa ili wakujae machoni. Kwa watoto wadogo sishauri, mateka wale vizimbani wanatisha.

Wakosoaji wengi waliiponda ilipotoka, na Marekani iliingiza takriban dola milioni 47 tu, wakati kuitengeneza kuligharimu kama milioni 160. China iliipokea kwa mikono miwili, ikaleta zaidi ya dola milioni 200, na jumla ya dunia nzima ikafika kwenye milioni 439 hivi. Wakati huo hakuna filamu iliyotokana na gemu iliyokuwa imefikisha kiasi hicho. Hata hivyo sehemu ya pili haijatengenezwa, na hilo ujue kabla hujaanza, maana filamu inaishia katikati ya safari: Garona yuko kwa maorki, binadamu wanakula kiapo cha kushirikiana na mataifa mengine, na mtoto wa Durotan, aliyewekwa kwenye kikapu mtoni na mama yake, anaokotwa na askari wa binadamu.

Usipotaka kubaki hewani, gemu zipo. Wachezaji wanamjua mtoto yule kwa jina la Thrall, na katika Warcraft III ya mwaka 2002 ameshakuwa mtu mzima na ndiye mkuu wa maorki wote. Nawashauri mliopenda upande wa Durotan muanzie hapo, wala si lazima mpitie World of Warcraft kwanza.