Mass Effect Legendary Edition: gemu inayokumbuka ulimwacha nani

Usiitafute hii kwenye vibanda vya gemu vya Malindi, ambako wateja hulipa kwa dakika wakacheza mpira na kuondoka. Hadithi yake inakula saa mia hivi na inataka kuchezewa nyumbani, polepole. Ilitoka Mei 2021 ikiwa na gemu tatu za hadithi ya anga za juu za kampuni ya BioWare za 2007, 2010 na 2012 pamoja na nyongeza zake karibu zote. Kwenye kompyuta itenge GB 120.

Mapigano ya gemu ya kwanza yamezeeka hata baada ya kusafishwa. Tuyaache. Kinachofanya watu wairudie ni mapenzi yanayovuka kutoka gemu moja hadi nyingine. Unamchezesha Shepard, kamanda wa chombo cha anga, wa kiume au wa kike upendavyo. Mwanzoni Shepard wa kiume huchagua kati ya wenzake wa chomboni Ashley na Liara, wa kike kati ya Kaidan na Liara. Ukiwachombeza wote wawili, watakukabili pamoja na kutaka jibu.

Gemu ya pili inaanza kwa Shepard kufa. Anarudishwa uhai baada ya miaka miwili, na mezani chumbani mwake chomboni kuna picha ya mpenzi wa zamani. Ukianza uhusiano mpya, picha ile inalazwa kifudifudi. Hakuna anayekuja kukusuta. Ni fremu tu mezani. Ukimngojea wa kwanza, kabla ya safari ya mwisho Shepard huinyanyua na kuitazama. Kitendo hicho kimoja kinazidi kurasa nzima za mazungumzo.

Ashley au Kaidan utakutana naye kwenye sayari ya Horizon, akiwa na hasira kwamba unafanya kazi na Cerberus, kundi la siri lililokufufua. Baadaye Kaidan huandika barua, na ndani yake anakiri kwamba marafiki walimshawishi atoke na daktari mmoja huko Citadel, kituo kikubwa cha angani. Wachezaji wengi humwita msaliti. Jamani! Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na huyu ameona miaka miwili ikipita. La ajabu ni kwamba gemu ya tatu inakuuliza wewe kuhusu mpenzi wako mpya, na kwa ukali zaidi.

Palipoharibika ni kwa Jacob, mmoja wa wenzako wa gemu ya pili. Shepard wa kike akimpenda katika gemu ya pili, atamkuta katika ya tatu akiwa na Dkt. Brynn Cole, na mwanamke huyo ana mimba yake. Hakuna jibu la kulizuia hilo wala njia ya kumrudisha. Si kosa kwa hadithi kumfanya mtu aachwe, lakini wapenzi wengine wanangoja uamuzi wako, yeye peke yake ameamuliwa. Thane, mpenzi mwingine wa gemu ya pili, naye hufa kwa maradhi hata ufanye nini, ila huyo amekwambia mapema, na kifo chake kimeandikwa kwa heshima.

Kwa Liara usiruke nyongeza ya gemu ya pili iitwayo Lair of the Shadow Broker. Bila hiyo anabaki mtu wa kusalimiwa kwenye sayari ya Illium. Ukiimaliza anakuja chumbani kwako mkazungumza yaliyopita.

Mahali watu wengi hupoteza mpenzi ni ugomvi wa Miranda na Jack, wanawake wawili wa chomboni katika gemu ya pili, unaolipuka ukishamaliza misheni za kupata uaminifu wa wote wawili. Jibu la buluu (la upole) au jekundu (la ukali) likiwa limefifia, maana yake pointi hazitoshi, na ukimpendelea mmoja, mwingine anakuacha na anaweza kufa mwishoni. Basi shika upole au ukali tangu mwanzo, usichanganye.

Maliza kila gemu hadi mwisho kabisa ndipo uhamishe seivu kwenda inayofuata. Mashine ikiwa ya nyumba nzima, kila mtu awe na akaunti yake, la sivyo mdogo wako atafuta ndoa yako kwa kubonyeza mara moja. Katikati ya mapigano haikubali kuseivu, kwa hiyo seivu mwenyewe kabla ya kila mlango. Stima ya huku haingoji.

Katika gemu ya pili, samaki wa chumbani mwa Shepard nao hufa usipowalisha kila urudipo. Mkaribishe Kelly, msaidizi wako wa chomboni, chakula cha jioni, atawalisha yeye, na hilo halihesabiwi kuwa uhusiano: picha inabaki wima.