Vipuri 42,000 kwa dakika mbili: tathmini ya amri ya LOAD DATA ya MySQL

Kwa muda wa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia amri ya LOAD DATA, ambayo imo ndani ya MySQL, programu ya hifadhidata, bila malipo ya ziada, kuingiza orodha ya vipuri vya magari katika duka la mtandaoni la mfanyabiashara mmoja wa Gerezani, hapa Dar es Salaam. Naiandikia tathmini kwa sababu wenye maduka wengi wa Kariakoo na Ilala waliofungua tovuti za kuuzia bidhaa wanakumbana na tatizo lilelile tulilokuwa nalo, na ushauri wanaopewa kwa kawaida ni kukodi seva kubwa zaidi. Sisi tulikuwa tumekaribia kulipia seva hiyo. Hatukuihitaji.

Orodha yetu ina vipuri 42,000 hivi, kutoka kwa wauzaji wa jumla watatu, na bei zake hazitulii. Kontena likishuka bandarini, au thamani ya dola ikipanda, sehemu kubwa ya orodha hubadilika kwa pamoja, na mwenye duka hutaka bei mpya zionekane kabla ya saa mbili asubuhi mafundi wanapoanza kuagiza. Programu tuliyokuwa tukiitumia mwanzo ilisoma faili la CSV, yaani orodha ya maandishi ambayo sehemu zake hutenganishwa kwa mkato, mstari mmoja baada ya mwingine. Kwa kila mstari ilitafuta kama kipuri kimo, ikaandika maelezo yake, kisha ikaandika bei katika jedwali jingine. Nilikuwa naianzisha saa nne usiku, nayo humaliza karibu na saa kumi alfajiri. Umeme au mtandao ukikatika katikati, nusu ya duka hubaki na bei mpya na nusu nyingine na bei za zamani, na hapakuwa na njia rahisi ya kujua mpaka uko wapi.

Nilipoketi kulipima jambo hili kwa utulivu, niligundua kwamba seva ilikuwa haifanyi kazi kubwa hata kidogo. Ilikuwa inasubiri. Seva yetu iko Ulaya, na ujumbe ukitoka ofisini kwetu hadi huko na jibu kurudi huchukua milisekunde 160 hivi. Ukizidisha vipuri 42,000 kwa safari tatu, kisha kwa milisekunde 160, unapata sekunde 20,160, yaani zaidi ya saa tano na nusu, hata kama hifadhidata yenyewe ingejibu papo hapo. Nyaya za chini ya bahari zinazofika Dar es Salaam, SEACOM iliyoanza kazi 2009 na EASSy iliyofuata 2010, zilitupatia upana mkubwa wa kupitisha data, lakini upana haufupishi umbali. Seva yenye kumbukumbu maradufu isingepunguza hata dakika kumi katika saa hizo.

Umbali si sababu pekee. Mwongozo rasmi wa MySQL unaeleza mgawanyo wa takribani wa gharama za kuingiza mstari mmoja: kuunganishwa na seva ni 3, kutuma amri ni 2, kuichanganua ni 2, kuandika mstari wenyewe ni 1 kulingana na ukubwa wake, kila faharasa (orodha ya pembeni inayoharakisha utafutaji) huongeza 1, na kufunga ni 1. Mtu akiutazama mgawanyo huo anaona wazi kwamba gharama kubwa iko katika taratibu zinazouzunguka mstari, wala si katika kuuandika. Juu ya hayo, injini ya InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data, kwa mpangilio wake wa kawaida huhakikisha kila muamala (kundi la mabadiliko linalokamilika kwa pamoja) uliothibitishwa umefika kwenye diski kabla ya kujibu kwamba kazi imekamilika. Huo ni uaminifu ambao duka linalopokea fedha linauhitaji sana. Ila kila mstari ukifanywa muamala wake wenyewe, uhakikisho huo hurudiwa mara 42,000. Ni sawa na mpagazi wa Kariakoo anayeshusha lori kwa kubeba boksi moja, kwenda kwa karani, kusaini daftari, kisha kurudi kuchukua boksi la pili, ilhali mkokoteni upo na saini moja ingetosha kwa mzigo wote.

LOAD DATA ndiyo mkokoteni huo. Unaipa faili, unaieleza kwamba sehemu za mstari zimetenganishwa kwa mkato na kwamba mstari wa kwanza ni wa vichwa unaopaswa kurukwa, nayo hupeleka faili lote kwa mkupuo, hulisoma upande wa seva na kuliingiza kama muamala mmoja. Mwongozo huohuo unasema njia hii kwa kawaida huwa na kasi mara 20 kuliko amri za INSERT, zinazoingiza mstari mmojammoja. Kwetu tofauti ilikuwa kubwa zaidi ya hapo, kwa sababu tuliondoa pia zile safari za kwenda Ulaya na kurudi. Usiku wa kwanza kazi nzima, kuanzia kupakia faili hadi bei kuonekana dukani, ilikwisha kabla ya dakika mbili. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea, kisha nikahesabu mistari mmojammoja kwa kila muuzaji, na yote ilikuwapo.

Kuiwasha kunahitaji subira kidogo. Tangu toleo la 8.0, ruhusa ya kupokea faili kutoka kwenye kompyuta ya mteja, iitwayo local_infile, huja ikiwa imefungwa kwa sababu za usalama, na lazima ifunguliwe pande zote mbili, kwenye seva na kwenye programu inayotuma. Ukitaka kutumia faili ambalo tayari liko kwenye seva, utakutana na secure_file_priv, mpangilio unaoruhusu faili kusomwa kutoka folda moja tu iliyotajwa. Nimeona mafundi wakikata tamaa hapa na kurudi kwenye njia ya zamani. Ninauona ulinzi huu kuwa wa haki, na ninashauri ruhusa ifunguliwe wakati wa kazi na kufungwa baada yake. Kwenye huduma za seva za kushirikiana, zile za bei nafuu, mara nyingi mteja hana mamlaka ya kuifungua mwenyewe, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kulipia mwaka mzima.

Jambo linalostahili tahadhari kubwa zaidi nililijua kwa namna ya uchungu. Wiki ya pili, muda mfupi baada ya saa mbili asubuhi, msimamizi wa duka alinipigia simu akauliza, "Kaka, mbona breki za mbele zinauzwa shilingi 45?" Nilifungua jedwali nikakuta bei nyingi zimekatwa namna hiyo. Muuzaji mmoja alikuwa ameandika bei kama sisi sote tunavyoandika, 45,000, yenye mkato wa maelfu na alama za kunukuu kuizunguka. MySQL haihesabu mkato huo kuwa sehemu ya namba: husoma hadi 45, huacha kilichobaki, na kwa njia ya LOCAL, yaani kutuma faili kutoka kwenye kompyuta ya mteja kama tunavyofanya sisi, kosa la aina hii huwa onyo tu, kazi ikaendelea hadi mwisho. Maonyo yalikuwapo, na mimi sikuyasoma. Wateja wawili walikuwa wamekwisha kulipa kwa simu, na mwenye duka aliwauzia kwa bei waliyoiona. Hasara ile ilikuwa ya uzembe wangu, na tangu siku hiyo sijawahi kuruka hatua ya SHOW WARNINGS, amri inayoonyesha maonyo hayo. Katika toleo la 8.0 amri hiyo huhifadhi maonyo hadi 1,024 kwa mpangilio wa kawaida, na idadi yake ikizidi sifuri, mimi huwa siendelei.

Uzuri ni kwamba dawa imo ndani ya amri yenyewe. LOAD DATA inaruhusu sehemu ya mstari iwekwe kwanza katika kigeu, yaani mahali pa muda pa kuhifadhi thamani, kisha isafishwe kwa SET kabla ya kuandikwa, kwa mfano kuondoa mikato yote ya bei kwa REPLACE, inayobadilisha herufi ndani ya maandishi. Kwa njia hiyohiyo tunapunguza nafasi za ziada katika majina na kubadilisha sehemu tupu kuwa NULL, alama ya thamani isiyojulikana. Hilo la mwisho si dogo, kwani kupitia LOCAL sehemu tupu ya namba huandikwa kuwa sifuri, na kipuri ambacho bei yake haijulikani kikionekana cha shilingi sifuri ni maafa mengine.

Kuna pia makosa ambayo huzaliwa kabla faili halijafika kwenye hifadhidata, na hakuna amri itakayoyaponya. Namba nyingi za vipuri vya Toyota huanza na sifuri; breki za diski za mbele, kwa mfano, huanza na 04465. Mtu akifungua faili hilo kwa Excel, na namba ikiwa imeandikwa bila kistari, Excel huichukulia kuwa hesabu na kuifuta sifuri ya mwanzo, na akihifadhi, sifuri hiyo imepotea kabisa. Fundi wa Gerezani hatafuti "breki pedi" mtandaoni, hutafuta namba, na namba isiyo kamili ni sawa na kipuri kisichokuwapo. Tumewaomba wauzaji watutumie faili kama lilivyotoka kwenye mfumo wao, na safu ya namba za vipuri katika jedwali letu ni ya maandishi.

Swali gumu zaidi lilikuwa namna ya kusasisha vipuri ambavyo tayari vimo. LOAD DATA ina neno jingine REPLACE, tofauti na lile la kusafisha bei, ambalo linaonekana kuwa jibu, lakini sipendekezi litumike katika duka lililo hai. Linapokuta ufunguo (thamani ya kipekee inayotambulisha mstari) uliopo, hufuta mstari wa zamani na kuandika mpya, hivyo kitambulisho kinachojiongeza chenyewe kinaweza kubadilika, na oda za nyuma zilizokitegemea zikapoteza bidhaa yake. Sisi tumeunda jedwali la pembeni tunaloliita jedwali la mapokezi, lisilo na faharasa nyingi. Faili huingia humo kwanza. Tunahesabu mistari, tunatafuta bei zilizoshuka au kupanda kupita nusu, tunatafuta namba zilizojirudia, na mwenye duka huonyeshwa orodha fupi ya mambo yenye shaka. Baada ya hapo INSERT yenye SELECT na ON DUPLICATE KEY UPDATE, amri inayoongeza vipuri vipya na kusasisha vilivyomo, huhamisha kila kitu kwenda jedwali kuu, ikigusa tu safu zinazopaswa kubadilika. Hatua hiyo hufanyika yote ndani ya seva, haina safari ya baharini, na kwetu huchukua sekunde chache. Kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja cha kumshauri mwenye duka mwingine, ningechagua jedwali hilo la mapokezi kuliko hata kasi yenyewe.

Kuhusu mipangilio ya seva, nitasema machache. Innodb_buffer_pool_size, kumbukumbu ambayo InnoDB huitumia kushikilia data, huja ikiwa megabaiti 128, kiasi ambacho ni kidogo kwa duka la ukubwa wetu, na kuiongeza kulisaidia hata wateja wanaotafuta bidhaa. Kuzima unique_checks na foreign_key_checks, ukaguzi wa thamani zinazojirudia na wa uhusiano kati ya majedwali, kwa muda kunaharakisha uingizaji wa mara ya kwanza, ilimradi una hakika data ni safi. Kuna wanaopendekeza innodb_flush_log_at_trx_commit iwekwe 2 au 0 ili diski isisubiriwe. Kwa duka linalopokea malipo ya M-Pesa na Airtel Money saa zote, nakataa, kwa sababu seva ikizimika ghafla unaweza kupoteza miamala ya takribani sekunde moja, na ndani ya sekunde hiyo huenda kuna mteja aliyekwisha katwa fedha. Isitoshe, ukishaingiza kwa mkupuo, faida ya kulegeza mpangilio huo ni ndogo mno. Faili likiwa kubwa sana, la mamilioni ya mistari, ni bora kuligawa vipande vya maelfu kadhaa kuliko kubeba muamala mmoja unaoshikilia jedwali muda mrefu.

Gharama haizuii mtu. Toleo la jamii la MySQL ni huru, na amri hii imo humo. Anayetumia PostgreSQL, hifadhidata nyingine, anayo COPY, inayofanya kazi kwa wazo lilelile. Duka lenye bidhaa mia mbili halihitaji usumbufu huu, na kwa duka kama hilo ukurasa wa kawaida wa kupakia faili unatosha. Vilevile, ikiwa mfumo wa duka hutawanya maelezo ya bidhaa moja katika majedwali mengi na kukokotoa mambo mengine kila bidhaa inapohifadhiwa, usiandike moja kwa moja kwenye majedwali yake kabla ya kuelewa ni nini kinachokokotolewa. Kwetu tulilazimika kuongeza hatua ya kujenga upya faharasa ya utafutaji na kusafisha kurasa zilizohifadhiwa kwa muda, vinginevyo bei mpya zilikuwa ndani ya jedwali huku mteja akiendelea kuona za jana.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naibakiza kwa sababu onyo linalogusa bei lingepaswa kuisimamisha kazi, kwa njia ya LOCAL pia, hadi mtu aamue. Picha za vipuri bado tunazipandisha kwa njia nyingine, nazo bado zinachukua usiku mzima.