Uzoefu wangu: tekscha za Poly Haven kwenye kuta za zamani za Mji Mkongwe

Wadau wa 3D habari zenu. Mi natengeneza picha za 3D za majengo ya zamani hapa Zanzibar, mara nyingi kwa wasanifu wanaotaka kumwonyesha mwenye nyumba itakavyokuwa baada ya ukarabati, na kuna watu wananiuliza inboksi kila mara kuta zangu nazitoa wapi. Natumia Blender (programu ya 3D) na tekscha za Poly Haven (tekscha ni picha ya uso wa kitu, kama ukuta au mbao, unayoivisha modeli), na kwa mawe na mbao zilizochakaa sijaona cha bure kinachoizidi. Ila niseme mapema, tekscha inakupa uchakavu tu, uchakavu huo ukae wapi kwenye jengo unatakiwa uujue mwenyewe na hapo ndo kazi kubwa ilipo.

Kwa asiyeijua, Poly Haven ni maktaba ya tekscha, HDRI (picha za mazingira za kumulikia modeli) na modeli, mwanzilishi wake ni Greg Zaal wa Afrika Kusini, zamani zilikuwa saiti tatu (HDRI Haven, Texture Haven na 3D Model Haven) zikaunganishwa 2021. Leseni ni CC0, yaani unashusha, unatumia kwenye kazi ya mteja, unauza, na hudaiwi hata kutaja jina la mtu. Hakuna kujisajili wala kuweka namba ya kadi. Wanaendeshwa na michango, mwenye uwezo achangie maana wanastahili.

Kilichonivuta mi ni kwamba tekscha zao nyingi zimepigwa picha kwenye kitu halisi, ukuta upo mahali, umenyeshewa mvua na kupigwa jua miaka na miaka. Na wana kuta za matumbawe! Tafuta Coral Fort Wall na Coral Stone Wall. Wenye kujua nyumba zetu wanaelewa kwa nini nimefurahi, Mji Mkongwe karibu wote ni mawe ya matumbawe na chokaa, Lamu hivyo hivyo, Kilwa Kisiwani hivyo hivyo, na ukiweka tekscha ya mawe ya kawaida ya Ulaya mtu wa huku anaona tu kuna kitu hakipo sawa hata kama hawezi kukuambia ni nini. Jiwe la tumbawe lina matundu, halina uso laini, chokaa inaingia kwenye yale matundu na ikiliwa na hewa ya bahari inabaki kwenye mashimo huku kingo za jiwe zikitokeza. Taa ukiiweka ubavuni, jua la saa kumi na moja jioni hivi, displesimenti (picha inayoinua na kudidimiza uso) inafanya kila kitundu kitupe kivuli chake na hapo ukuta unakuwa ukuta.

Sasa mambo ya mashine. Usikimbilie 8K (picha ya pikseli kama elfu nane kwa upande) kwa sababu ipo. Picha moja ya 4K ikishafunguliwa kwenye memori inakula kama MB 64, ya 8K inakula 256, na kila material ina picha tatu au nne (rangi, rafnesi yaani uso unang'aa au umefifia, nomali yaani vinundu vidogo vinavyopokea mwanga, na displesimenti), kwa hiyo material moja ya 8K inaweza kufika GB 1 na hapo hujaweka mlango wala dirisha. Wana utaratibu mzuri wa kuandika tekscha ina upana wa mita ngapi, hiyo namba iheshimu. Ya mita 2 kwa 4K inakupa kama pikseli 2 kwa kila milimita, inatosha kabisa kwa ukuta unaotazamwa kutoka ng'ambo ya kichochoro. 8K naiweka kwenye kile kitu kamera inakisogelea, basi. Na bando nalo lina bei yake, JPG inatosha kwa rangi, zile EXR (faili nzito zenye usahihi zaidi) nashusha kwa displesimenti tu.

Kuunganisha ni rahisi, washa Node Wrangler (nyongeza ya Blender), chagua Principled BSDF (nodi kuu ya material), bonyeza Ctrl+Shift+T, chagua picha zako zote na inazipanga yenyewe. Ukiunganisha kwa mkono hakikisha nomali na rafnesi zimewekwa Non-Color (zisisomwe kama rangi), na nomali chukua ya GL (OpenGL), ya DX (DirectX) inageuza mashimo yawe vinundu kwenye Blender. Na kuanzia Blender 4.0 kuna AgX (namna ya kugeuza mwanga kuwa rangi za skrini), inasaidia sana chokaa nyeupe kwenye jua la saa sita isiungue ikawa karatasi.

Haya, tuje kwenye lile la uchakavu ukae wapi. Ukichukua tekscha ukaimwaga ukuta mzima, doa lile lile linajirudia kila mita 2 na uchakavu unakuwa sawa juu mpaka chini, na hakuna ukuta wa hivyo duniani. Ukuta unachakaa pale maji yanapopita. Nenda kaangalie nyumba yoyote ya zamani pale Malindi au Shangani, mitaa ya Mji Mkongwe: chini, kimo cha kiuno hivi, lipu imebanduka kwa sababu unyevu unapanda na chumvi kutoka ardhini, maji yanakauka chumvi inabaki, inavimba, inasukuma lipu nje. Chini ya mlizamu kuna mstari mweusi wa ukoga. Chini ya kila pembe ya dirisha kuna mchirizi, na kama kuna nondo au msumari mchirizi una kutu. Kati hapo, penye kivuli cha baraza, lipu inaweza kuwa nzima kabisa. Kwa hiyo mi nachukua material mbili, lipu ya chokaa juu na jiwe la tumbawe chini yake, nazichanganya kwa maski (picha inayoamua material ipi ionekane wapi): gradienti kutoka ardhini kwenda juu iliyovurugwa na noizi (madoa ya nasibu), halafu naingia Texture Paint (sehemu ya Blender ya kupaka kwa brashi) na kuchora michirizi kwa mkono, mmoja mmoja. Inachosha, ila hakuna njia ya mkato niliyoipenda. Sehemu yenye unyevu nashusha rafnesi kidogo na kuifanya rangi iwe nyeusi zaidi, maana lipu ikilowa inakuwa hivyo.

Kuna fundi mzee wa chokaa, mtu anayeheshimika, nilimwonyesha renda (picha iliyokamilika ya 3D) ya ukuta mmoja niliyoitengeneza kwa kufuata picha za nyumba yenyewe, na pale katikati kulikuwa na sehemu lipu inavimba na jiwe la pembeni limemeng'enyuka kuliko kwingine. Akaangalia kimya, akaweka kidole pale pale kwenye skrini, akasema "Hapa mwanangu wamepiga saruji." Na kweli wamepiga. Saruji haipumui kama chokaa, inafungia maji ndani ya ukuta na jiwe linaoza nyuma yake. Kwamba mtu wa kazi ameweza kusoma ugonjwa wa nyumba kwenye picha ya kompyuta, kwangu hiyo ndo sifa kubwa ya hizi tekscha, hata wangezifanya za kulipia ningelipa.

Mbao nako wako vizuri, Weathered Brown Planks naitumia sana kwenye mabanda na vibaraza. Mlango wa nakshi ni kazi nyingine. Msaji uliokaa juani unaingia ukijivu juu, chini unachafuka na kulika kwa maji ya mvua yanayoruka kutoka barazani, na pale mkono unaposhika kila siku panang'aa, rafnesi inashuka pale tu na si pengine. Njumu za shaba nazo zina ukijani kwenye kishina sio kwenye ncha. Haya yote unayachora wewe.

Vingine vya kwetu nimevipiga picha mwenyewe: boriti za mikoko kwenye dari, makuti, na lipu ya chokaa iliyopakwa rangi juu ya rangi mpaka ukibandua unaona ya manjano, ya bluu, halafu nyeupe. Uzuri wa vichochoro vya Mji Mkongwe ni kwamba vina kivuli karibu siku nzima, na kwa tekscha mwanga wa kivuli ndo unaoutaka, picha ya rangi isiwe na kivuli chochote kilichogandia ndani. Shida ni kwamba huwezi kurudi nyuma ukapata ukuta wote, kwa hiyo piga vipande vipande vinavyopandana zaidi ya nusu, kamera inyooke na ukuta, funga mwangaza na rangi kwenye manuali. Meshroom ni ya bure na inaunganisha zile picha, ila inataka kadi ya NVIDIA. Muombe mwenye nyumba ruhusa kwanza, na subiri watu wapite.

Mi naona haraka kwenye hili jambo. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu hapa Mji Mkongwe), jengo la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na nyumba ndogo zisizo na jina zinaondoka bila hata kutangazwa, au zinapigwa saruji na rangi ya mafuta na ule uso wa chokaa haurudi tena. Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town walishapima kwa skana majengo ya Kilwa na Lamu, kazi kubwa sana, lakini sura ya ukuta wa jirani yako hakuna atakayekuja kuipiga zaidi yako.

Kwa hiyo nazisafisha zangu za lipu na boriti, zikifika 4K na zikijirudia bila mshono nitaziweka bure kwa CC0 na wengine watumie. Mwenye kuta za Pangani, Bagamoyo au Lamu alizopiga kwenye kivuli tuwasiliane. Milango pia, hasa ile ambayo haijapakwa vanishi.